Sura ya Saba: Wacha Nizunguke Kwanza

Kila Oktoba, pesa huteremka kutoka mlimani. Wakulima wanaopeleka majani mabichi katika viwanda vya chai vya Mungania na Rukuriri huko Embu, na wenzao wa Githongo, Imenti, Kionyo na Kinoro upande wa Meru, hupokea malipo ya pili ya mwaka, yale ambayo kila mtu huyaita bonasi. KTDA, shirika linalosimamia viwanda hivyo, hufunga hesabu zake mwisho wa Juni, na bonasi hufuata miezi michache baadaye. Kwa familia nyingi hii ndiyo mara moja katika mwaka mzima pesa inapoingia kwa mkupuo, na kila shilingi ina kazi inayoisubiri: karo ya Januari, mabati, deni la duka, pengine ng'ombe wa pili.

Kwingine pesa haingoji Oktoba. Huko Igembe, kuanzia Maua hadi Laare, miraa huvunwa na kulipwa karibu kila siku, na nyingi ya pesa hiyo hupitia mikononi mwa vijana. Mbeere, katika soko kama la Kiritiri, muguka hufanya kazi hiyo hiyo. Nchiru, kwenye Chuo Kikuu cha Meru cha Sayansi na Teknolojia, na pale Chuo Kikuu cha Embu, wanafunzi huhesabu siku wakingoja mkopo wa masomo wa HELB uingie.

Wanaouza vitu mitandaoni wanaijua kalenda hii. Anayelipia tangazo kwenye Facebook huchagua watu litakaowafikia: umri wao, wanachopenda kutazama, na umbali wao kutoka mji fulani. Hakuna linalomzuia kuliweka tangazo lake Nkubu na Runyenjes wiki ile ile bonasi inapoingia. Mkulima huamini kwamba tangazo limemjia kwa bahati, wakati limelipiwa limfuate.

Sura hii inahusu vitu vinavyonunuliwa namna hiyo: kozi za kutengeneza dola ukiwa nyumbani, mifumo ya siri ya biashara ya fedha za kigeni, miche ya ajabu, dawa za kupunguza tumbo, vifaa vya jikoni vinavyokata kila kitu kwenye video na havikati kitunguu nyumbani. Sikubaliani na wanaosema watu wetu huliwa kwa sababu ya tamaa au ujinga. Nimeishi na wanunuzi hawa. Ni watu wanaojua kubishania bei ya mbuzi mpaka mwenye mbuzi akate tamaa. Walikuwa na breki zao, na simu imeziondoa moja baada ya nyingine bila mtu kuwaambia.

Ili kuziona breki hizo, nenda Gakoromone, soko kuu la mji wa Meru, umtazame mama anayetaka blanketi. Haanzi kwa kununua. Huuliza bei akiwa amegeuza uso kana kwamba hana haja. Hulishika blanketi, hulivuta pembeni kuona kama linatoa nyuzi, hulinusa. “Hii ngapi, mama?” Anatajiwa. “Ghali hivyo? Si unipunguzie?” Muuzaji anapunguza kidogo. Ndipo mama hutoa silaha yake kubwa: “Wacha nizunguke kwanza, nitarudi.” Naye huzunguka kweli. Kibanda cha pili kina blanketi lile lile kwa bei nyingine. Kwenye kibanda cha tatu anakutana na jirani, anayemwambia kwamba lake la mwaka jana liliisha rangi baada ya kufuliwa mara mbili. Akinunua, hutoa noti kwenye leso, azihesabu, azione zikiondoka. Na blanketi likiharibika, siku ya soko anajua atampata wapi aliyemuuzia.

Ukitazama vizuri, katika dakika hizo ishirini mnunuzi alizuiwa mara nyingi: na umbali, na mikono yake, na muuzaji wa kando, na jirani, na noti zenyewe, na hakika kwamba muuzaji hana pa kukimbilia. Hakuna hata breki moja kati ya hizo iliyomtaka awe mwerevu. Zilifanya kazi hata siku aliyochoka.

Kwenye simu, duka, pesa na shahidi vyote vimo ndani ya kioo kimoja. Tangu M-Pesa ianze Machi 2007, pesa haihitaji tena kutolewa kwenye leso. Muuzaji hutuma ombi la malipo, kioo huuliza namba ya siri, unaandika tarakimu nne, na mambo yamekwisha. Hata hivyo ilibaki breki moja ya mwisho, yenye nguvu kuliko zote: kutokuwa na pesa. Nayo ililegea Fuliza ilipokuja mwaka 2019. Salio likipungua, Fuliza hujazia, malipo hupita, na deni huanza kutozwa ada kwa kila siku linapokaa. Fuliza imewasaidia wengi kununua dawa usiku wa manane, na siwezi kuilaani. Lakini haitofautishi dawa ya mtoto na kozi ya utajiri. Zote mbili huzilipia kwa wepesi ule ule.

Sasa tulitazame tangazo lenyewe kwa karibu, maana limeundwa kwa ufundi, na fundi wake anastahili kusomwa kwa makini.

Kijana wa shati jeupe amesimama kando ya gari. Anasema alikuwa kama wewe, akihangaika. Anakuonyesha simu yake, na jumbe za M-Pesa zinaangukiana: umepokea 12,400, umepokea 8,750. Chini ya video kuna kiungo. Ukikigonga unafika kwenye ukurasa wenye maandishi makubwa: kozi hii ni shilingi 15,000, leo pekee ni 1,499. Juu kuna saa nyekundu inayohesabu kurudi nyuma, imebakiza dakika kumi na nne. Kando yake pameandikwa kwamba nafasi zilizobaki ni 9. Ukisitasita, ujumbe mdogo unachomoza pembeni: mtu wa Chuka amenunua sasa hivi.

Anza na saa. Ufunge ukurasa huo, uufungue kesho kwa simu ya mtu mwingine. Mara nyingi utaikuta saa imeanza upya, ina dakika zake zote. Saa ya ukutani hufuata muda wa dunia. Hii inakufuata wewe, na huanza kuhesabu pale tu unapofika. Halafu nafasi 9. Kozi ya video ni faili. Faili likinakiliwa mara elfu moja halipungui, wala halijazi ukumbi. Kikomo pekee ni kile alichokiandika muuzaji kwa mkono wake. Na ile bei ya 15,000, muulize ni nani aliyewahi kuilipa. Kazi yake ni kuifanya 1,499 ionekane kama zawadi.

Jumbe za M-Pesa zinahitaji jicho la karibu zaidi, kwa sababu ndizo zinazowashawishi watu wengi. Picha ya ujumbe hutengenezwa kwa urahisi na programu yoyote ya kuhariri. Lakini kila muamala wa kweli una msimbo wa herufi na tarakimu kumi, na msimbo huo hufuata tarehe. Herufi ya kwanza huenda na mwaka: miamala ya 2024 ilianza na S, ya 2025 ikaanza na T. Ya pili ni mwezi, A ikiwa Januari na L ikiwa Desemba. Ya tatu ni siku, kuanzia 1 hadi 9, kisha A kwa tarehe kumi na kuendelea. Fungua jumbe zako mwenyewe ulinganishe. Ukiona picha inayodai malipo ya Oktoba 2025 ambayo msimbo wake hauanzi na TJ, basi hayo malipo yalifanyika kwenye kompyuta ya mtu. Na hata msimbo ukiwa sawa, ujumbe huthibitisha tu kwamba pesa ilitumwa. Hausemi ilikuwa ya nini. Mtu aweza kutumiwa pesa na ndugu yake mara kumi kwa siku, kisha akairudisha.

Baada ya kulipa, au kabla kidogo, huwa unaingizwa kwenye kundi la WhatsApp. Humo kuna shuhuda tupu: asante mkufunzi, nimepata malipo yangu ya kwanza, Mungu akubariki. Angalia kama wewe unaweza kuandika. WhatsApp humruhusu msimamizi kufunga kundi ili yeye na wasimamizi wenzake pekee watume ujumbe. Katika kundi la aina hiyo watu mia mbili waliopoteza pesa wanaweza kukaa kimya pamoja, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake aliyeshindwa. Gakoromone huwezi kumfunga jirani mdomo namna hiyo.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ningependa kuitumia methali hiyo hapa, lakini siku hizi haitusaidii sana. Mitandaoni kila kitu kinajitembeza, kizuri na kibaya. Hata fundi cherehani hodari wa Runyenjes lazima apige picha za nguo zake azitangaze. Tangazo peke yake halituambii kitu. Linalofaa kuulizwa ni: pesa ya muuzaji inatoka wapi?

Swali hilo nchi yetu ililijibu kwa gharama kubwa kuhusu ndege mdogo.

Mwishoni mwa 2013 kware aliingia Kenya kwa kishindo. Magharibi mwa nchi ndege huyo alikuwa akitegwa na kuliwa tangu zamani, lakini sasa alivumishwa kama dawa. Mayai yake yalisemekana kutibu kisukari, shinikizo la damu, hata saratani. Yai moja dogo, lenye madoa, liliuzwa hadi shilingi 100. Kwa kuwa kware huhesabiwa miongoni mwa wanyamapori, mfugaji alitakiwa kupata leseni kutoka Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, na maelfu ya watu walipanga foleni kuitafuta. Watu walichukua mikopo. Walijenga vizimba, wakanunua mashine za kuangulia, wakanunua vifaranga. Wimbi hilo halikuiacha milima yetu. Mashamba yaliyokuwa na kuku wa mayai yalipata chumba cha kware.

Mwaka 2014 ulipoanza kusonga, bei iliporomoka. Yai lililokuwa 100 likashuka chini ya 10, na hata kwa bei hiyo mnunuzi hakuonekana. Ndege hawakuwa na kasoro yoyote, walitaga kama walivyoahidiwa. Kilichokosekana ni mlaji. Wakati wote wa uvumi, karibu kila aliyenunua yai alilinunua ili aliangue, na kila aliyenunua kifaranga alimnunua ili auze mayai kwa atakayeanza kesho. Waliotajirika ni waliouza vifaranga na mashine mwanzoni, kisha wakatoka. Siku hao wa kuanza kesho walipokwisha, soko lote likakwisha.

Kozi nyingi za utajiri wa mtandaoni zimejengwa juu ya mfupa ule ule. Unalipa 1,499 kujifunza kutengeneza pesa mtandaoni. Somo la mwisho linakufunulia njia: uza kozi hii kwa wengine, upate kamisheni. Hakuna mteja wa nje mwenye haja yake, kama vile mama anavyohitaji blanketi. Kuna wanafunzi wanaouziana somo la kuuziana.

Jambo hili limefika hata mbele ya mahakama za ng'ambo. Juni 2018 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliishtaki kampuni iliyoitwa MOBE. Iliuza mfumo wa hatua 21 wa kuanzisha biashara ya intaneti, na kiingilio kilikuwa dola 49 tu. Ndani, mwanafunzi alisukumwa kununua uanachama wa ngazi ya juu, kisha wa juu zaidi, mpaka baadhi wakatoa makumi ya maelfu ya dola. Na biashara waliyofunzwa kuifanya ilikuwa kuuza uanachama huo huo. FTC ilisema watu walipoteza zaidi ya dola milioni 125. Waliopoteza walikuwa na benki, mawakili na mamlaka yenye meno, bado waliingia. Mkulima wa Kianjokoma asijione mjinga.

Hapa kwetu orodha ni ndefu, na nitaipita haraka kwa sababu hadithi ni moja. DECI, iliyoenea kupitia makanisa, iliporomoka nchini Kenya mwaka 2007 pamoja na miradi mingine mingi ya upatu, kisha serikali ya Tanzania ikaifunga ya huko mwaka 2009. Mapema 2022 ilianguka programu ya simu iliyojiita Amazon Web Worker, ambayo haikuwa na uhusiano na kampuni ya Amazon. Watu waliweka pesa, wakafanya “kazi” ndogo ndogo kila siku, na asubuhi moja hawakuweza kutoa. Aprili 2025 ikawa zamu ya CBEX, iliyowaumiza Wanigeria na Wakenya. Kila mara jina jipya, kila mara malipo ya kwanza kwa wachache hutolewa kweli ili wachache hao wawe mashahidi.

Kuna aina nyingine ambayo huzungumziwa kidogo mno, nami nadhani ndiyo inayoumiza zaidi eneo hili: miche. Embu na Meru ni nchi ya makadamia, na miaka ya karibuni parachichi aina ya Hass imepandwa kila kona. Bei ya makadamia ilipopanda, kilo ikafika karibu shilingi 200, kurasa za Facebook zilijaa wauzaji wa miche. Bei ikaanguka baadaye, lakini kurasa zilibaki, zikahamia kwenye tunda jingine linalovuma. Picha ni mti mfupi uliojaa matunda hadi matawi yameinama. Mche mmoja bei ya ofa, ukinunua hamsini unaongezwa mitano, lipa leo tukutumie kwa matatu.

Simu mbovu utaijua jioni hiyo hiyo; mche mbovu hujulikana baada ya miaka. Mche uliopandikizwa vizuri huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi; ule uliooteshwa kwa mbegu tu unaweza kukaa mara mbili ya hapo, tena ukazaa tunda lisilofanana na la mama yake. Kwa hiyo mwenye shamba hutia mbolea, hupalilia, hunyweshea wakati wa kiangazi, na anapogundua kwamba alichopanda si Hass, ukurasa uliomuuzia umeshabadili jina mara mbili. Amepoteza bei ya mche, na juu yake miaka ya ardhi yake.

Hapa breki ipo, na ni ya mikono kama ile ya blanketi. Mche uliopandikizwa huwa na kovu la kiungo kwenye shina, kwa kawaida karibu na udongo, mahali tawi la aina bora lilipounganishwa na mzizi. Kama hulioni, usilipe. Uliza hati ya kitalu hicho kutoka KEPHIS, wakaguzi wa afya ya mimea. Na mjini Embu pana kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO, ambako mtu aweza kwenda na swali lake bila kuuziwa kitu. Nauli ya kutoka Siakago hadi Embu ni ndogo sana ukiilinganisha na ekari iliyopandwa miti isiyojulikana.

Bidhaa za kushika mkononi, kama saa, viatu na mashine za kusaga, huja kwa njia nyingine. Nyingi hutoka Nairobi, kutoka Luthuli Avenue au Kamukunji, zikapakiwa kwenye matatu. Muuzaji atakwambia ulipe kwanza ndipo mzigo upande gari. Hoja yake ina ukweli kidogo, kwani wapo wateja wanaoagiza na kuzima simu. Lakini Meru ni zaidi ya kilomita 200 kutoka Nairobi, na mzigo ukifika ukiwa kitu kingine, huna wa kumrudishia. Nunua kwa anayekubali ulipe ukipokea, baada ya kufungua na kuwasha. Asiyekubali hilo kwa bidhaa ya elfu nne amekueleza jambo kuhusu bidhaa yake. Kwa vitu vinavyotoka nje ya nchi, tafuta stika ya KEBS, shirika la viwango, na utume namba yake kwa ujumbe mfupi kwenda 20023. Jibu hueleza bidhaa hiyo iliandikishwa kama nini, na mara nyingine jina linalorudi si la kitu ulichoshika.

Breki nyingine zinahitaji kurudishwa kwa makusudi, kwa sababu simu haitazirudisha yenyewe.

Ya kwanza ni kuitenga pesa. Bonasi isikae M-Pesa. Ikiwa kwenye sacco, iwe Winas au Nawiri mjini Embu, iwe Solution au Yetu kule Meru, pesa iliyowekwa kwenye akaunti ambayo haijaunganishwa na simu inakutaka uamke, uoge, upande matatu, usimame kwenye foleni. Wengi huona foleni hiyo kama usumbufu. Mimi naiona kama kinga bora kuliko mafunzo yote ya fedha niliyowahi kuhudhuria, kwa sababu kwenye foleni mtu hupata muda wa kujiuliza. Fuliza nayo si lazima. Unaweza kujiondoa, na ukitaka siku nyingine ukajiunga tena.

Ya pili ni kurudisha kuzunguka. Ukitaka kitu, andika jina lake kwenye karatasi pamoja na bei na tarehe, ukakae nalo mpaka siku ya soko inayofuata. Wiki hiyo tafuta bei ya kitu hicho kwa wauzaji wengine wawili. Tafuta jina la kozi pamoja na neno “ulaghai” au “malalamiko”, siyo pamoja na neno “mafanikio”. Muuzaji atasema ofa itakuwa imepita. Iache ipite. Kama wiki ijayo bado unakitaka, na ofa imerudi kwa jina jingine kama inavyorudi kawaida, angalau unanunua ukiwa umetulia.

Ya tatu ni jirani. Kabla ya kulipa, mwambie mtu mmoja asiyefaidika: mke, mume, katibu wa chama, mwalimu wa zamani. Mweleze kwa sauti unanunua nini na pesa itarudi vipi. Watu wengi hugundua tatizo wakiwa katikati ya kueleza, kabla hata ya kujibiwa. Na hapa naomba wazazi wanisikilize. Mwanafunzi wa chuo akipiga simu usiku akiomba 4,000 za “kozi ya dijitali”, msimkatize kwa matusi. Ukimwambia, “Mwanangu, nionyeshe hicho kitu, tukitazame pamoja Jumamosi,” umempa siku tatu za kufikiri na mahali pa kurudi. Ukimfokea, ataitafuta pesa hiyo kwa programu za mikopo, na safari ijayo hatakupigia.

Simkatazi kijana kujifunza kazi za mtandaoni. Kuandika msimbo wa kompyuta, kutunza hesabu, kutafsiri, kuhariri video ni kazi zinazolipwa kweli, na serikali ina mpango wake wa Ajira Digital unaofundisha bila ada. Kozi nzuri hujulikana kwa jambo moja: mwalimu anaweza kukutajia mteja aliye nje ya darasa anayelipia ujuzi huo. Anayefundisha kushona anaweza kukuonyesha mwenye gauni. Mwenye kozi akishindwa kukuonyesha mwenye gauni, mnunuzi pekee wa ujuzi huo ni wewe.

Na aliyekwisha kulipa? Kama pesa imeenda kwa namba isiyo sahihi, au umegundua mara moja, tuma ujumbe wa muamala huo kwenda 456 kuomba urudishiwe, tena haraka, kabla aliyepokea hajaitoa. Jumbe na namba za kilaghai hupelekwa 333. Kwa bidhaa iliyoelezwa kwa uongo, Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa na taarifa anazohitaji, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inamtaka anayeuza kwa intaneti aeleze masharti yake wazi kabla ya mapatano na akupe nakala. Asipofanya hivyo, una njia ya kuvunja mapatano hayo. Malalamiko hupokelewa na Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Hawatakurudishia 1,499 kesho asubuhi, lakini malalamiko mia moja kuhusu muuzaji mmoja ni jambo ambalo lalamiko moja haliwezi kuwa.

Kinachozuia malalamiko hayo ni aibu. Mtu aliyepoteza bonasi huwaambia watu kwamba pesa iliisha kwa matumizi. Kijana wa Laare aliyelipa pesa ya miraa ya wiki nzima hufuta video aliyoisambaza kwa marafiki, akanyamaza, na rafiki zake watatu walioiona wakaingia baada yake. Kwa hiyo ukipoteza, hifadhi kila kitu: picha ya tangazo, namba ya till, jina lililoonekana ulipolipa, saa na tarehe, mazungumzo yote. Usifute kundi la WhatsApp kabla ya kunakili namba za wasimamizi. Kisha peleka mambo hayo pale ulipolipata tangazo, kwenye kundi la ukoo, la kanisa au la wanachama wa kituo cha chai, pamoja na jina la bidhaa kama lilivyoandikwa, ili mtu atakayelitafuta wiki ijayo akutane na maneno yako kabla ya kukutana na saa nyekundu.